Fedha Aliyoichukua Tena Asa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tukae na mfalme Asa wa Yuda, 2 Nyakati 14 hadi 16. Tukisikia habari za mtu anayejitegemea mbele za Mungu, mara nyingi tunamfikiria mwenye kiburi, asiyesali, asiyeonekana ibadani. Asa hakuwa hivyo. Aliondoa sanamu katika nchi, akamwondoa hata Maaka mama yake katika umalkia kwa sababu alimfanyia sanamu Ashera, mungu wa kike wa kipagani. Ndiyo maana anatufaa sisi tuliookoka siku nyingi.

Zera Mkushi alimjia na watu 1,000,000 na magari 300. Asa alikuwa na 580,000. Kabla ya hapo, katika miaka 10 ya amani, alikuwa amejenga miji yenye kuta, minara na malango. Tusilipite hilo haraka, kwa sababu wako wanaodhani kumtegemea Mungu ni kukaa bila kufanya lolote. Asa alijenga, akapanga jeshi, kisha siku ya vita akalia, "twakutegemea wewe." Neno la Kiebrania lililo nyuma ya maneno hayo ni la kuegemea, kama mtu anavyoegemea fimbo kwa uzito wake wote. Ndilo lilo hilo katika Mithali 3:5, "wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Na ndilo Hanani mwonaji alilomrudia nalo Asa miaka mingi baadaye: umemtegemea mfalme wa Shamu, yaani Siria.

Ilikuwaje? Mwaka wa 36 wa kutawala kwake, Baasha wa Israeli alijenga Rama ili kuziba njia ya kuingia na kutoka Yuda. Asa akatoa fedha na dhahabu katika nyumba ya BWANA na katika nyumba yake mwenyewe, akampelekea Ben-hadadi, mfalme huyo wa Shamu, huko Dameski, ili avunje agano lake na Baasha. Na mpango ukafanikiwa! Baasha aliacha kazi, na Asa akachukua mawe na miti ya Rama akajengea Geba na Mispa. Hakuna damu ya Yuda iliyomwagika. Mshauri yeyote angemsifu. Hanani peke yake ndiye aliyeona hasara: jeshi la Shamu lilikuwa limeponyoka mkononi mwa Asa. Basi jambo kufanikiwa si ushahidi kwamba tulimwegemea Mungu.

Tazama pia ile fedha ilitoka wapi. Sura ya 15:18 inasema Asa mwenyewe aliingiza hekaluni fedha, dhahabu na vyombo vilivyowekwa wakfu. Alichokitoa kwa Bwana siku ya furaha, alikichukua siku ya hofu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia. Asubuhi tunamkabidhi Bwana jambo, mchana simu ikilia na habari mbaya tumeshalibeba tena, na hata hatukumbuki ni saa ngapi tulilichukua.

Kwa hiyo wiki hii usikabidhi "maisha yangu yote" kwa sentensi moja. Chagua jambo moja lenye jina: deni, mtoto, ndoa, kazi, huduma. Liandike kwenye karatasi. Chini yake andika yale unayopaswa kuyafanya, kisha yale usiyoweza kuyafanya hata ukikesha. Orodha ya pili ndiyo ngumu, na ndiyo inayoonyesha tumeegemea wapi. Kila asubuhi chukua dakika 10, uzisome zote mbili mbele za Mungu: ya kwanza ukiomba utii na nguvu, ya pili ukiiachia. Mchana wasiwasi ukirudi, usianze maombi mapya marefu. Sema tu, "Bwana, hili liko kwako," urudi kwenye kazi yako. Ukirudia mara 20 kwa siku, hujashindwa; moyo uliozoea kujibebea haujifunzi kwa mara moja.

Na kabla ya uamuzi wowote juu ya jambo hilo, omba kabla ya kupiga simu ya kwanza. Yoshua na wakuu wa Israeli walipojiwa na Wagibeoni waliojifanya wametoka nchi ya mbali, walikagua mkate uliokauka na viriba vilivyopasuka, wakafanya agano, wala hawakutaka shauri kwa BWANA (Yoshua 9:14). Ushahidi waliouona kwa macho ulionekana unatosha. Kuomba baada ya kuamua mara nyingi huwa ni kutafuta muhuri.

Neno kuhusu matabibu. Mwaka wa 39 Asa aliugua miguu, naye hakumtafuta BWANA bali waganga, yaani matabibu. Andiko hili limewaumiza watu walioambiwa waache dawa. Kosa halikuwa matibabu. Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu. Kosa ni kwamba katika ugonjwa mzito ule Asa hakumtafuta Mungu hata kidogo. Kunywa dawa zako, na uombe.

Wala usingoje hisia za amani ndipo uamini umekabidhi. Paulo anasema huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi, "ili tusijitumainie nafsi zetu, bali tumtumaini Mungu, awafufuaye wafu" (2 Wakorintho 1:9). Alimwegemea Mungu akiwa bado amelemewa.

Asa alipokemewa alikasirika, akamtia Hanani gerezani. Kati ya mwaka ule wa 36 na ugonjwa wa mwaka wa 39 kuna kama miaka 3, na miaka yote hiyo mlango wa kurudi ulikuwa wazi. Sura hizo tatu zina mistari 48. Zisome kwa siku tatu, sura moja kila siku, karatasi yako ikiwa kando, na ukifika 16:9 uisome kwa sauti: macho ya BWANA bado yanakimbia-kimbia duniani mwote.