Sisi ni wa Misheni

Basi la kutoka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, lilinishusha stendi ya Bagamoyo saa kumi na moja jioni nikiwa na begi moja. Wanaojua mambo ya Uarabuni wanaelewa maana yake. Mtu aliyekaa Muscat miaka 11 anatarajiwa arudi na masanduku ya kufungwa kamba, kitu cha kumpa mjomba, na dhahabu kidogo shingoni. Mwenye bajaji aliniangalia, akaangalia nyuma yangu kama kuna mzigo mwingine unakuja.

"Ni hilo tu, dada?"

Ni hilo tu.

Niliondoka 2012 baada ya kuachwa na mume kwa sababu sikuzaa. Mama alifariki 2017 nikiwa jikoni kwa watu, pasipoti yangu imefungiwa kabatini na mwenye nyumba. Siku ile nilikatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili nikiulizwa nalia nini niwe na jibu. Hayo nayasema mara moja, sitayarudia.

Aliyenipokea ni Bi Mkubwa wa nyumba ya pili, mama wa Kiislamu aliyekesha na mama yangu usiku wa mwisho. Funguo za kwetu alizitunza miaka yote 6, zimefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu, na ua alikuwa akiufagia. Alileta bakuli la mihogo ya nazi, akaketi mkekani, akasema, "Karibu kwenu, mwanangu. Kula kwanza." Habari za begi hakuuliza.

Kanisani ndiko nilikoogopa kwenda. Muscat makanisa yapo, ila mfanyakazi wa ndani asiye na siku ya mapumziko anayasikia tu. Kwa miaka 11 niliingia kanisani mara 4. Sala zangu nilisali nikiosha vyombo, kimoyomoyo, na sasa nilijiona kama mtu aliyepotea njia akarudi na vumbi lote mwilini. Nitakaa wapi? Nani atanihamishia mkoba wake nipate nafasi? Wiki mbili nzima kengele ya Misheni ilikuwa ikilia nami nimekaa kitandani nimeshavaa.

Jumapili ya tarehe 20 Agosti 2023 niliondoka nyumbani kabla sijapata muda wa kujikataza. Nikapita chini ya ile miembe ya njia ya Misheni, nikaingia, nikakaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango. Misa ilipoanza akatokea kijana wa Kimaasai, shuka nyekundu, fimbo mkononi, macho mekundu ya kukesha. Baadaye nilijua kwamba ni mlinzi kwenye hoteli moja ya ufukweni na alikuwa ametoka lindoni. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Watu wawili watatu waligeuka, wakaiangalia ile fimbo.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akipanga watu akamfuata. Nilidhani atamwambia akaiache nje. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiegemeza ukutani kando ya mwavuli wake mwenyewe, akamshika kijana mkono na kumleta pale nilipokuwa. Basi tukakaa wawili tusiojua. Watu wakisimama ananiangalia mimi, na mimi namwangalia mama wa mbele, maana mwili wangu ulikuwa umesahau lini mtu anasimama na lini anapiga magoti.

Ilikuwa Dominika ya 20 ya Mwaka A katika mpango wa masomo ya Misa. Injili yake ni ile ya mwanamke Mkananayo, Mathayo 15, na tangu utoto ilikuwa ikinichoma. Mama wa watu anamlilia binti yake mgonjwa, wanafunzi wanataka aondolewe kwa sababu anawapigia kelele nyuma yao, na jibu la kwanza analopewa ni gumu kulisikia: chakula cha watoto hakitupiwi mbwa. Siku hiyo nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mathayo anaanza kwa kusema Yesu alikwenda pande za Tiro na Sidoni. Huko ni kwao yule mama! Kabla mama hajapiga kelele, Bwana alikuwa ameshavuka mpaka na kuingia nchi yake. Na yule mama hakuondoka. Alilishika lile lile neno la mbwa akaligeuza kuwa ombi la makombo, akaambiwa, "Mama, imani yako ni kubwa." Petro akizama majini anaambiwa ana imani haba, sura moja tu nyuma. Mgeni ndiye anayeambiwa ni kubwa.

Wakati wa kutakiana amani kijana alinipa mkono, akanipa na wa pili.

Nikamkumbuka mama. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu alituagiza tukaulize kabila letu. Wenzangu walileta Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wazigua. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Sisi ni wa Misheni." Nikaona aibu, kana kwamba tumekosa kitu ambacho kila mtu anacho.

Sasa najua alichokuwa akiniambia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakaanzisha Misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kanisa lao la mwanzo halikujengwa kwa masultani wala matajiri wa misafara. Lilijazwa na watoto waliokombolewa kwa fedha katika soko la watumwa la Unguja, lile lililofungwa 1873, watoto waliotolewa bara wakiwa wadogo mno, wengine hata jina la kwao hawakulijua. Walipokua wakaozeshwa, wakapewa mashamba, kikawa kijiji. Sisemi maisha yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa nyingi na kengele ilitawala kutwa. Lakini wenyeji wa kanisa hili, tukifuata mzizi, ni watu ambao hawakuwa na ukoo wa kuwaita. Februari 1874 watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipofika pwani na mwili wa David Livingstone, Mprotestanti kutoka Scotland, ulipokewa humo humo kwa Wakatoliki. Mnara wa kanisa hilo upo hadi leo. Nani basi, katika mabenchi yale, angeweza kumwambia Mmaasai au mimi kwamba hapa si pako?

Nyumbani nilitoa Biblia ya mama sandukuni nikatafuta somo la kwanza, Isaya 56. Kanisani linasomwa mstari wa 1, kisha linarukia 6 na 7, penye nyumba ya sala ya mataifa yote. Nikasoma yaliyorukwa. "Wala mgeni, aambatanaye na Bwana, asiseme hivi, Hakika yake Bwana atanitenga na watu wake, wala towashi asiseme, Mimi ni mti mkavu."

Mti mkavu! Neno hilo niliambiwa na mawifi mbele ya wageni, nikiwa nimeshika sinia la chai. Na hapa Mungu anamkataza mtu asijiite hivyo, kisha anamwahidi asiye na mtoto nafasi ndani ya kuta za nyumba yake na jina lililo bora kuliko la wana na mabinti. Sheria ya Musa ilikuwa imemzuia towashi, mwanamume aliyehasiwa, asiingie kusanyikoni. Mungu huyo huyo, kwa kinywa cha nabii, anamfungulia. Pembeni mwa mstari ule mama alikuwa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu ya risasi. Hakuwahi kuniambia. Sijui aliiweka mwaka gani, ila najua aliiweka kwa ajili ya nani, nikalia bila vitunguu.

Tulipotoka Misa siku ile, kijana alikuwa ameniuliza akiichukua fimbo yake, "Mama, nikija tena hawatakataa?" Nilimjibu kwamba sidhani, jibu la mtu ambaye naye alikuwa akijiuliza.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema. Nilikaa benchi lile lile, mkoba nikauweka chini miguuni ili pembeni pabaki wazi. Kabla ya wimbo wa kuingia nikageuka. Alikuwa mlangoni na fimbo yake, akimtafuta mzee wa mwavuli.