Siku moja maishani mwangu: kona nyekundu, siku ya pambano

Saa 11 alfajiri

Naanza na ndoo. Kabla sijanawa uso nimeshaivuta kutoka uvunguni na kumwaga kila kitu sakafuni nihesabu: taulo nne, mkasi wa ncha butu, bandeji, plasta roli nne, pamba, vijiti vya pamba, kopo la Vaseline, kichupa cha adrenalini ya 1:1000 ya kuzuia damu, sponji, chupa mbili za maji, na kipande cha chuma cha kukandamizia uvimbe, ambacho jioni kitalala kwenye barafu. Mke wangu amezoea. Ananiletea chai ya tangawizi hapo hapo chini na kuniambia leo imenukia vizuri, maana anajua mimi harufu siisikii. Sababu nitaisema mbele.

Mimi ni mwalimu wa ngumi za kulipwa hapa Manzese, Dar es Salaam. Leo usiku kijana wangu anatetea mkanda wa taifa uzito wa welta, raundi 10. Wengi wanadhani kazi yangu inaanza kengele ikilia na kuisha mwamuzi akishanyanyua mkono wa mshindi. Ndiyo maana nimeamua kuiandika saa kwa saa.

Saa 1 asubuhi

Kijana anaishi kwa mama yake, jirani na Mahakama ya Ndizi, lile soko la ndizi pale Mabibo, na kazi yake iko hapo hapo: anashusha mikungu kwenye malori. Bingwa wa taifa anabeba ndizi begani siku tano kwa wiki, kwa sababu mapambano matatu kwa mwaka hayalishi mtoto. Mabega yake yametoka huko. Na maumivu ya kiuno pia.

Jana alipanda mizani na kusoma kilo 66.5. Mwisho wa welta ni pauni 147, yaani kilo 66.6 na kidogo. Wiki tatu zilizopita alikuwa 72. Nyama na mafuta vilipungua kwa mazoezi, lakini kilo mbili za mwisho zilikuwa maji matupu, yametolewa kwa jaketi la nailoni na kukimbia jua la mchana. Hapo ndipo huwa naogopa. Mwili uliokauka haupokei ngumi kama mwili ulioshiba maji, na huwezi kuujaza kwa pupa. Tangu ashuke kwenye mizani tumekwenda taratibu: ORS kwa mafunda madogo, kisha dafu, uji, supu ya kuku, wali. Asubuhi hii kala uji wa ulezi na mayai mawili. Nikamuuliza mkojo wake una rangi gani.

"Kama maji, mwalimu."

"Kweli?"

"Kweli. Twende ukaone."

Mama yake ananisindikiza mpaka mlangoni. Ukumbini haji. Alikuja pambano la kwanza tu, akatoka raundi ya pili. "Mwalimu, nakukabidhi," anasema kila mara. "Unirudishie kama ulivyomchukua."

Saa 4 asubuhi

Barazani kwa fundi baiskeli wazee wameshaanza. Mmoja wao hakosi kumtaja Titus Simba, aliyetuletea medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, mwaka 1970, na hakosi kuongeza kwamba aliyemfunga fainali, John Conteh, miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Akimaliza hapo anaingia kwa Michael Yombayomba na dhahabu ya michezo hiyo hiyo, Kuala Lumpur, 1998. Namsikiliza kwa heshima. Huyu mzee anakumbuka majina ambayo nchi nzima imeyasahau, na siku kijana wangu atakapostaafu ningependa awepo mtu barazani wa kumtaja hivyo.

Saa 8 mchana

Kijana amelala. Mimi nakwenda kufuatilia pesa. Miaka ya nyuma kuna mwandaaji alitulipa nusu kabla, na ile nusu ya pili sijaiona mpaka leo. Tangu siku hiyo bondia wangu hafungwi bandeji kama fedha yake haijakamilika. Leo imekamilika saa 9 kasorobo. Asilimia 10 ni yangu, inayobaki nimeituma kwenye simu ya mama yake.

Saa 12 jioni

Tumefika ukumbini, viwanja vya Sabasaba, Temeke. Wengine wanakwenda kuangalia ulingo. Mimi nakwenda kwanza kwenye ambulensi. Namtafuta dereva, nasalimiana naye, namwomba anionyeshe mtungi wa oksijeni na geji yake, namwomba asiliegeshe gari nyuma ya magari ya mashabiki. Ameliondoa. Namshukuru.

Daktari anampima presha, anamulika macho yake kwa tochi, anaminya vidole kimoja kimoja. Naomba nami niangalie mboni zikimulikwa. Nataka nizikumbuke zilivyokuwa kabla.

Saa 2 usiku

Kufunga mikono. Sehemu hii ya kazi naipenda kuliko zote, na hapa sitaki mtu aniharakishe.

Anakaa amegeuza kiti, mgongo wa kiti uko mbele, mikono ameilaza juu yake. Naanza na kifundo cha mkono, mizunguko mitatu, kisha nyuma ya kiganja, kisha kati ya kidole na kidole, narudi kwenye kifundo. Kwenye magumi, yaani vifundo vya vidole vinavyogonga, naweka bandeji iliyokunjwa iwe mto mwembamba. Plasta haipiti juu ya magumi. Inashika bandeji tu, huku na huku, na vipande vyembamba kati ya vidole. Kila nikimaliza mzunguko namwambia afunge ngumi, afungue. Ikibana, damu haitembei na mkono unakufa ganzi ifikapo raundi ya nne. Ikilegea, mfupa mdogo ulio chini ya kidole cha mwisho unavunjika. Mkono mmoja unanichukua dakika 15.

Mtu wa kona ya bluu, upande wa mpinzani, amesimama pembeni ananiangalia, na wa kwangu yuko kwao. Wasiojua mchezo wanaona ni kutoaminiana. Mwaka 2009 kule Los Angeles, mwalimu wa bondia Shane Mosley, Naazim Richardson, alisimama vivyo hivyo akiangalia mpinzani wao, Antonio Margarito, anafungwa, akagundua vipande vigumu vimefichwa ndani ya bandeji. Zikafunguliwa, akafungwa upya. Mosley alishinda raundi ya tisa, na Margarito akafutiwa leseni pamoja na mwalimu wake. Ukipigwa na kitu kama kile kwa raundi tisa, hakuna hospitali itakayokurudishia ulichopoteza. Kwa hiyo ndugu yangu wa kona ya bluu, karibu, sogea, angalia.

Ofisa anatia saini kwa kalamu juu ya plasta. Tunavaa glovu, aunsi 8. Tunaanza kupasha mwili, yeye akipiga pedi nilizovaa mikononi.

Saa 4:40 usiku

Kengele.

Raundi nne za kwanza zilikuwa zetu. Jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya kushoto, ilikuwa inafika, miguu ilikuwa inatoka pembeni kama tulivyofanya mazoezi. Ya tano pia yetu, kwa tabu. Ya sita yule mpinzani akapata njia ya mkono wa kulia, na kijana akachanika juu ya nyusi.

Nieleze dakika moja ya mapumziko. Ni sekunde 60, lakini mpaka ameketi na kilinda meno kimetoka zimebaki kama 50, na filimbi ya sekunde 10 ikilia sisi tunatakiwa kuwa tunashuka. Kwa hiyo una sekunde 40. Msaidizi wangu anamwaga maji shingoni na kuvuta bukta ili tumbo lipumue. Mimi nafuta damu mara moja, nabana kijiti chenye adrenalini ndani ya jeraha bila kuachia, naweka Vaseline. Anayesema ni mmoja tu. Nikiwa nimebana jeraha, mdomo wangu uko kwenye sikio lake, na kinachosemwa hakizidi mambo mawili. "Mkono wa kushoto urudi juu. Zunguka kulia kwako."

Raundi ya saba akaanguka. Akanyanyuka akahesabiwa mpaka nane, akaimaliza kwa kukumbatia. Ya nane hakuanguka, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Alikuwa anapigwa ngumi ya kulia ambayo kichwa chake hakikuwa kinaiona inakuja. Kwa hesabu yangu bado tulikuwa mbele kwa pointi moja.

Amekaa. Nikaacha jeraha. Nikamshika mashavu.

"Uko raundi ya ngapi?"

"Ya tano, mwalimu."

Kwa adabu kabisa, kama anavyonijibu siku zote.

"Jana ulipima kilo ngapi?"

Akanitazama begani, kwenye taulo, kama vile jibu limeandikwa pale.

Sasa niseme habari ya harufu. Mwaka 2003 mimi mwenyewe nilipigania ubingwa. Raundi ya saba nilipigwa ngumi moja ya kichwa, na kona yangu ikaniambia bado tatu tu, vumilia. Nikavumilia. Nilishinda kwa pointi, picha ninayo ukutani nimenyanyua mkanda, na zile raundi tatu sizikumbuki hata kidogo. Wiki iliyofuata mke wangu aliunguza maharage nikiwa nimekaa jikoni na sikujua. Miaka yote hii sijasikia harufu ya mvua, ya vitunguu vinavyokaangwa, wala ya watoto wangu walipozaliwa. Waliokuwa kwenye kona yangu walinipenda, nalijua hilo. Walitaka nishinde.

Manila, Oktoba 1975, mwalimu Eddie Futch alimketisha bondia wake Joe Frazier mwisho wa raundi ya 14. Ilibaki moja. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba hayaoni ngumi, naye alitaka kuendelea. Futch akasimamisha. Frazier aliishi mpaka 2011. Nikiwa kwenye kona huwa namkumbuka Futch kuliko bondia yeyote.

Nikamwita mwamuzi. "Imetosha. Haendelei."

Saa 5:11 usiku. Ukumbi ukalipuka kwa kuzomea, chupa za maji zikatua ulingoni. Mkanda ukaenda kona ya bluu. Kijana alipoelewa kilichotokea alinisukuma kifuani na glovu zote mbili.

"Mwalimu, umeniuza."

Nikamfungua kamba za glovu.

Saa 5:30 usiku

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Robert Wangila alishinda dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, Mkenya, uzito huu huu wa welta. Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzalez. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya tisa, Wangila akiwa amesimama kwa miguu yake, haukubali uamuzi ule. Baadaye, chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Siku mbili baadaye alifariki, hajafikisha miaka 27. Damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu haisubiri kengele, na mwenye kuvuja anaweza kuwa anaongea, anacheka, anaomba soda.

Kwa hiyo mimi chumbani sipokei pole wala lawama. Namwangalia. Anatapika? Kichwa kinazidi kuuma au kinapungua? Mboni zinalingana kama zilivyokuwa saa 12? Anataka kulala mapema kuliko kawaida yake? Analalamika kichwa, na sauti yake ni nzito. Sikujadiliana na mtu. Ambulensi ilikuwa pale pale nilipoiacha, dereva akiwa kwenye usukani.

Saa 7 usiku

Kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, hakijaonyesha damu. Jeraha limeshonwa nyuzi sita. Daktari ametuambia tumwangalie saa 24, na kikibadilika chochote turudi mbio. Ngumi ya kichwa hapati kwa miezi mitatu, hata ya mazoezi, hilo nimelipanga mimi.

Nimempigia mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya mkanda. Hakuuliza. Aliuliza anaongea? Nikampa simu. Kijana akasema, "Mzima, mama," akanirudishia bila kunitazama.

Kwenye teksi hakusema neno mpaka Manzese.

Saa 9 usiku

Amelala sebuleni kwangu, godoro chini. Mimi niko kwenye kiti. Nimeloweka bandeji kwenye beseni, zile nilizozikata mikononi mwake, saini ya ofisa imechuruzika wino. Nimewasha taa ya simu, nikamgusa bega.

"Binti yako anaitwa nani?"

Akataja.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi… Jumapili."

"Nilisimamisha raundi ya ngapi?"

Akakaa kimya muda mrefu. "Nilianguka," akasema. Akarudi usingizini. Nikahesabu anavyohema, nikatazama saa, nikahesabu tena.

Saa 11 alfajiri

Muadhini wa kwanza ameanza. Mke wangu ameamka, nasikia sufuria jikoni, chai inachemka. Ndoo ipo mlangoni haijapangwa. Nimemgusa bega mara ya tatu.

"Nilisimamisha raundi ya ngapi?"

Akafungua jicho moja, lile ambalo halijavimba.

"Ilikuwa imeisha ya nane. Tulikuwa mbele. Mwalimu, niache nilale."