Siku yangu gereji: X-Trail yenye sailensi ya juu kila ikiwashwa asubuhi

Saa 12 na robo asubuhi. Mwezi wa saba Arusha sio wa mchezo aisee, Mlima Meru hauonekani kabisa ni wingu tu, na mi nishafika gereji hapa Unga Limited kabla hata mama wa maandazi hajawasha jiko. Sio kwamba napenda kuamka mapema, ila kuna X-Trail ya mama mmoja imelala hapa tangu jana jioni na ugonjwa wake unaonekana injini ikiwa ya baridi kabisa. Watu wengi hili hawalielewi, mtu anakuletea gari saa tano mchana katoka nayo Usa River injini ya moto, anakwambia fundi asubuhi inavuma sana, sasa hapo mi nione nini? Gari ya hivyo inatakiwa ilale. Nilimwambia mama acha gari upande daladala, alinuna kidogo ila aliiacha.

Gari yenyewe ni Nissan X-Trail ile ya mwanzo, T30, injini QR20, oto. Malalamiko yake ni sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta: ukiwasha asubuhi mshale wa RPM (mizunguko kwa dakika) unapanda karibu na 2000, afu haushuki, anafika kazini Njiro bado iko 1200, ukiweka D inataka kuondoka yenyewe, na mafuta inakunywa balaa. Ameshazunguka kwa mafundi, mmoja kaosha throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) na kubadilisha plagi, mwingine kamwambia gasketi ya silinda hedi, yaani ya kichwa cha injini, imekufa aandae hela ya kushusha kichwa. Hiyo ya hedi tutaifikia.

Saa 12 na nusu. Kabla sijawasha nachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, naweka swichi on tu. (Wale wenye kale kadude ka bluetooth ka bei rahisi, Nissan za Japani za miaka ile mara nyingi kanagoma kuongea nazo, tafuta mashine inayozijua gari za Japani.) Kodi za makosa nitaziangalia baadaye, kwanza naangalia joto mbili, la maji ya injini na la hewa inayoingia. Gari iliyolala usiku kucha hizo joto lazima zifanane maana vyote vimepoa sawa na hewa ya nje. Maji 13, hewa 14. Safi, sensa ya maji haidanganyi, angalau kwenye baridi. Ingeniambia maji yako nyuzi 30 chini ya sifuri ningejua mchawi ni huyo, kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ingeamini tuko Urusi na ingemwaga mafuta ya Urusi. Ila kuna kitu nimekisikia, feni ya rejeta imeanza kuzunguka pale pale nilipoweka swichi. Maji ya nyuzi 13 yanapozwa ya nini? Nikanyamaza kwanza.

Nawasha. 1700. Dogo wangu, spana boi, akaruka, "Umeona braza! Iko juu!" Nikamwambia tulia dogo, hiyo bado sio ugonjwa. Injini ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, oili nzito, halafu masega ya ekzosi hayaanzi kusafisha moshi mpaka yapate joto la nyuzi karibu 300, kwa hiyo kontrol boksi inapandisha sailensi makusudi ili vitu vipate moto haraka. Kwa baridi hii 1500 mpaka 1700 dakika ya kwanza hainishtui hata kidogo. Kinachotakiwa ni ishuke yenyewe kadri maji yanavyopanda, ikifika 80 na kitu iwe imetulia kwenye 700 hivi.

Saa 1 na dakika 10, maji 52, RPM 1250. Saa 1 na nusu, maji 57. Saa 2 kasoro, maji 58, RPM 1150, na feni inapepea tu kama tuko Dar. Nikazima nikafuata waya wa feni, nikakuta kama nilivyodhani, mtu kaunga waya mwekundu kutoka kwenye swichi mpaka kwenye feni, dairekti, tepu nyeusi juu. Ukiona feni dairekti we jua themostati (ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto) nayo haipo, hao ni mapacha. Gari inachemsha siku moja, fundi anatoa themostati, anaunga feni moja kwa moja, gari haichemshi tena, mteja anashukuru, kila mtu anaenda nyumbani. Halafu injini inaishi maisha yake yote ikidhani ndo kwanza imewashwa. Ikiwa nyuzi 58 kontrol boksi bado iko kwenye hesabu za asubuhi, sailensi juu, mafuta mengi, na mama anaambiwa throto ni chafu.

Nikafungua kifuniko cha oili. Ndani kuna povu jeupejeupe limeganda, na hapa ndo yule fundi wa hedi alipopata hadithi yake. Ni kweli gasketi ikiungua maji yanaingia kwenye oili na unapata maziwa, lakini nikavuta stiki ya oili, oili safi, rangi moja. Maji ya rejeta hayapungui kwa maelezo ya mama, na injini ikiwaka hakuna mapovu yanayopanda kwenye rejeta. Hilo povu ni unyevu tu, injini isiyopata moto vizuri haiwezi kukausha mvuke wake, unapanda unaganda kwenye kifuniko. Mama alibakiza kidogo tu ashushe kichwa cha injini kwa sababu ya themostati.

Saa 3. Chai na chapati huku injini inapoa, kofia ya rejeta haifunguliwi ya moto labda kama unataka kwenda Mount Meru hospitali. Kaka mmoja kanipigia toka Dar, Harrier yake akiwasha asubuhi inakaa 1400 kama dakika moja hivi afu inashuka 750, kuna mtu anataka kumpunguzia kwa ile skrubu ndogo ya kwenye throto. Nikamwambia kaka gari yako nzima, na hiyo skrubu mwambie asiiguse, imepimwa kiwandani, akiigusa kontrol boksi haitajua tena throto imefungwa wapi na hapo ndo utaanza kutafuta sailensi mwaka mzima.

Saa 4. Nimemwaga maji, yametoka rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, watu wanajaza maji ya bomba miaka na miaka. Kofia ya themostati kwenye QR iko chini, pale mpira wa chini wa rejeta unapoingilia kwenye injini. Nikafungua, dogo akachungulia, "Mbona hamna kitu?" Ndo hivyo. Shimo.

Sasa hapa kuna mtego, ukirudisha themostati bila kujua gari ilichemsha kwa nini siku ile ya kwanza, itachemsha tena na lawama zote zako. Nikapima, feni yenyewe nzima, fyuzi nzima, rilei ya feni (swichi yake ya umeme) imeungua miguu, ukiitikisa inapiga kelele kama njugu. Mpira wa kofia ya rejeta nao umekufa. Yaani mtu alikwepa kubadilisha rilei.

Saa 5 na nusu, mjini kwa mzee wa spea. Shikamoo mzee, marahaba, anatoa themostati ya kufunguka kwenye nyuzi 76 na nusu. Naomba ya 82. Anasema hii ndo nzuri kwa Afrika, injini inakaa ya baridi. Mzee wangu namheshimu sana lakini injini kukaa baridi ndo kesi niliyonayo gereji sa hivi. Akacheka, akazunguka nyuma akaleta ya 82, rilei na kofia ya rejeta. Kulanti pia, dawa ya maji ya rejeta, ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi.

Saa 7. Ndizi nyama kwa mama ntilie, hapo sina cha kuhadithia. Kuna Noah imeingia pedi za breki, dogo kaimaliza peke yake.

Saa 8. Themostati mpya sifungi kabla ya kuichemsha, hata ikiwa kwenye boksi zuri. Sufuria, maji, kipimajoto, unaining'iniza kwa uzi isiguse chini. Ikaanza kufunguka kwenye 82, ikaendelea kupanuka vizuri. (Arusha tuko juu kama mita 1400, maji yanachemka kwenye 95 hivi badala ya 100, kwa kazi hii inatosha kabisa.) Nikasafisha njia za maji mpaka yakatoka meupe, nikafunga, kulanti ndani, pua ya gari juu kwenye mlima kidogo, hita imewashwa full, nikatoa upepo taratibu. Hatua ya upepo usiiharakishe, sensa ya maji ikikaa kwenye hewa badala ya maji inasoma uongo na utarudi kwenye sailensi ya ajabu.

Saa 9 na robo. Waya mwekundu nimeutupa, feni imerudi kwa kontrol boksi. Nikawasha, maji yakapanda fasta, 60, 75, 86, yakatulia. Nikaiacha isimame, ikafika tisini na kitu feni ikajiwasha, ikashusha, ikazima. Dogo akapiga makofi. Mi naangalia RPM, 1000 na kitu. Injini ya moto kabisa, AC imezimwa, bado 1000 na kitu. Hii gari inatakiwa 700, izidi au ipungue 50.

Kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili yamelaliana, na hili la pili lisingeonekana injini ikiwa nyuzi 58 maana kila kitu ungesema ni baridi. Nikafungua ukurasa wa marekebisho ya mafuta kwenye mashine, kontrol boksi inaongeza mafuta asilimia 21 ikiwa sailensi. Nikapiga resi nikaishika 2500, ikashuka mpaka 5. Hapo hata usiponiambia najua, kuna hewa inaingia ya wizi baada ya sensa ya hewa. Kwenye sailensi injini inahitaji hewa kidogo sana kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ukipiga resi inamezwa. Na throto imeshajifunga mpaka mwisho inajaribu kupunguza, haina pa kwenda tena.

Saa 10. Kutafuta tundu. Kuna wanaopulizia petroli au kabureta klina huku na huku injini ikiwaka, mi kwenye ekzosi ya moto sipendi huo mchezo, nachukua koleo lenye mdomo wa bapa nimeuviringishia kitambaa, nabana mpira mmoja mmoja. Mpira wa buster ya breki, hamna mabadiliko. Mpira wa mvuke wa oili unaotoka kwenye valvu ya kifuniko kwenda kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), nilipoubana tu mshale ukadondoka. Kwa juu unaonekana mpya kabisa, nikaupindua chini kwenye kona, mpasuko wa urefu wa kucha, umelainika kwa oili miaka yote hii. Ukiosha throto bila kugusa huo mpira hata uoshe na maji ya Zamzam sailensi haishuki. Usiweke mpira wa maji pale, oili inaula, tafuta wa kustahimili oili na uwe mgumu usinywee ukivutwa.

Asilimia zikashuka zikawa 3, 4. RPM 850. Bado kidogo, na hii sasa ni kwa sababu throto ilioshwa na kontrol boksi haikufundishwa upya, inakumbuka kiasi cha hewa cha siku za uchafu. Kufundisha ukiwa bado na hewa ya wizi inakataa, ndo maana nimeiacha mwisho.

Saa 10 na dakika 40. Mashine yangu kwa gari hii haina hicho kitufe, tunatumia mguu na saa ya simu. Injini ya moto, maji kati ya 70 na 100, taa na AC vyote off, usukani umenyooka, gia kwenye P, betri iwe na nguvu, zaidi ya volti 12.9 injini ikiwaka. Unazima, unaweka swichi on bila kuwasha, sekunde 3, unakanyaga na kuachia mafuta mara 5 ndani ya sekunde 5, unasubiri sekunde 7, unakanyaga mpaka chini unashikilia kama sekunde 20, taa ya cheki injini itapepesa afu itatulia ikiwaka, unaachia ndani ya sekunde 3 na unawasha hapo hapo. Dogo anahesabu kwa sauti, jirani wa welding anatucheka. Ukikosea sekunde inagoma, unaanza upya, usimpige mtu. Ilivyokubali mshale ukasogea pole pole, 780, 720, 700. Ukaganda.

Saa 11 na nusu. Mama kafika na mfuko wa parachichi, "Fundi pole na kazi, imepona?" Nikamwonyesha mpira uliopasuka, rilei iliyoungua, na kofia ya shimo lisilokuwa na kitu. Akauliza habari za gasketi ya hedi, nikamwambia mama yangu hedi yako nzima, hela hiyo lipa ada ya watoto. Tukavutana kidogo kwenye bei, kawaida, tukaelewana.

"Kwa hiyo kesho asubuhi haitavuma tena?"

"Itavuma mama, dakika mbili tatu, ni kawaida yake. Uchukue video ya dashibodi ukiwasha, unitumie."

"Sasa nikiiona 1500 nikupigie?"

"Ukiiona 1500 uko getini kwako usinipigie. Ukiiona umefika Njiro, nipigie."