Maumivu ya kichwa ya kila asubuhi yameisha: shida ilikuwa taya

Nilikuwa naamka panja zinagonga, taya zimekaza. Panadol ilituliza kwa muda tu. Mto mpya, hasara. Daktari wa meno ndiye aliyeona magego yamelika: nasaga meno usingizini, na mawazo ya kazi yanachochea.

Dawa ilianzia mchana. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila unapotafuna au kumeza (nani angejua?). Basi simu ikiita, kabla sijapokea, naachanisha meno, midomo nimeifumba, ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu, kisha natoa pumzi polepole kuliko nilivyoivuta. Mabega hushuka yenyewe. Kahawa ya jioni nimeacha. Usiku navaa kinga ya meno ya plastiki aliyonichongea daktari, maana gego likishalika halioti tena.