Siku Moja Maishani Mwangu: Wiki ya Tisa ya Kutembea kwa Magongo

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijashuka kitandani nafanya kazi ambayo mtu akichungulia mlangoni hataiona: nanyoosha mguu wa kulia, nakaza misuli ya mbele ya paja mpaka pia ya goti ipande kidogo, nahesabu hadi 5, kisha naachia. Narudia mara 10. Siku za kwanza baada ya kuwekewa chuma ndani ya mfupa wa muundi nilikuwa nikikaza kwa nguvu zangu zote na paja lisitikisike hata kidogo, nikaogopa kweli. Leo linaitikia mara moja.

Saa 1 asubuhi. Nashuka ngazi kwenda kazini. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia magongo pamoja na mguu mgonjwa. Uzito naubeba kwa viganja, si kwa kwapa, kwa sababu gongo likibana kwapa huumiza mishipa ya fahamu na mkono ukaanza kufa ganzi. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo naacha nafasi ya vidole viwili au vitatu.

Saa 3 hadi saa 6. Mimi ni mhasibu, na kazi ya kukaa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mazoezi yenyewe. Kila baada ya saa moja napandisha na kushusha unyayo mara 20, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ikijikaza husukuma damu kurudi juu, na mguu uliolazwa tu huwa katika hatari ya kuganda damu. Shavu likivimba ghafla, likawa la moto na kuuma, sitasubiri kesho kumwona daktari. Pumzi ikibana, nitakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Saa 7 mchana. Nakula, kisha nalala chali kwa dakika 20, mguu ukiwa juu ya mito miwili, juu ya usawa wa moyo. Kuuweka juu ya kiti wakati nimekaa husaidia, lakini uvimbe wangu haupungui vizuri hivyo.

Saa 11 jioni. Hii ndiyo saa ninayoingojea. Nikiwa nimekaa, nanyanyua vyuma kwa mabega na mikono, kisha narusha ngumi hewani kwa sekunde 30 na kupumzika sekunde 30, kwa dakika 10, mpaka jasho linitoke. Watu hudhani kwamba mguu ukivunjika pumzi nayo lazima ipotee. Moyo haujali ni kiungo gani kinachoufanyisha kazi. Baada ya hapo nasimama kutoka kitini kwa mguu wa kushoto peke yake, mara 8, kwa mizunguko 3. Nilipoelezwa kwamba kuuzoeza mguu mzima huunufaisha kwa kiasi fulani na ule mgonjwa, nilidhani natiwa moyo tu. Kumbe jambo hilo lilichunguzwa katika Chuo Kikuu cha Yale tangu mwaka 1894: ubongo unapojifunza kuamrisha upande mmoja, upande wa pili nao huongezeka nguvu.

Mwisho naileta mizani ya kupimia uzito. Daktari ameniruhusu kuutwisha mguu huu kilo 20, wala si zaidi, na hakuna anayeweza kuzikadiria kilo 20 kwa hisia. Nikiwa nimeshika magongo, naweka unyayo juu ya mizani na kubonyeza taratibu: 12, 17, 20. Nabaki hapo, macho nimeyafumba, ili mguu uukariri uzito huo. Nikifumbua, mshale umefika 23. Narudi nyuma na kuanza upya, mara tatu, hadi utulie.

Saa 2 usiku. Napima mapaja kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 10 juu ya pia ya goti. La kushoto lina sentimita 52. La kulia lilikuwa 47 katika wiki ya sita. Usiku huu ni 48.5. Napima tena, utepe ukiwa palepale, kisha naandika 48.5 daftarini na kuyaegemeza magongo mahali mkono wangu utakapoyafikia gizani.