Mfuko mtupu

Juzi joto la Tanga halikuwa la mchezo. Mpwa wangu, kakaa mkekani na embe lake, akanitazama weee, halafu akauliza: "Anko, mbona shati lako limelowa huku juu tu?"

Nikajiangalia. Kweli, kifuani chapachapa mpaka usawa wa chuchu, kuanzia hapo kwenda chini kukavu, kama kumepigwa mstari kwa rula. Pingili ya nne ya kifua hiyo, ndipo uti wangu wa mgongo ulipokatika kwa ajali ya mwembe. Nikamwambia anko alikuwa na mafundi wawili wa jasho, mmoja kaacha kazi. Akaridhika, akaendelea kufyonza kokwa. Mimi ndiye niliyebaki na usiku ule wa Muheza.

Tulikuwa tumetoka matangani, mimi na mama. Kichwa kilianza kunigonga tukiwa bado barabarani. Tulipofika nyumbani kilikuwa hakigongi tena, kinapasua. Pua ikaziba ghafla, uso unawaka, jasho linatiririka kutoka utosini. Mama akaita bajaji, tukaenda hospitali, kiti changu cha magurudumu kimekunjwa nyuma.

Nesi wa zamu alikuwa kijana, mpole. Homa hakuna. Malaria hakuna. Presha 190 kwa 110. Akashtuka, na alikuwa na haki ya kushtuka. Akamwita mwenzake: "Tumlaze kwanza, apumzike, ishuke."

"Msinilaze," nikasema.

"Kaka, presha ikipanda hivi mtu hakai."

Nilijua nilichotaka kumwambia. Kwamba sisi tulioumia uti wa mgongo juu kiasi hiki, kitu kikitusumbua huko chini tusikokuhisi, iwe kibofu kimejaa, choo kimekwama au hata ukucha umeota ndani ya nyama, mishipa ya damu ya chini yote hujibana. Ubongo unatoa amri iachie, amri inaishia pale palipokatika. Damu inapanda. Ukimlaza mtu ndiyo unaizidishia kichwani. Ukimkalisha miguu ikining'inia, angalau nyingine inabaki chini. Na dawa ya kweli ni kumtafuta huyo msumbufu, haraka, kabla mshipa wa kichwani haujapasuka. Yote hayo niliyajua. Kilichotoka mdomoni ni "msinilaze" tena, mara hii kwa sauti ya mlevi.

Wakanishika makwapani. Hapo mama akaingia katikati ya kiti na kitanda.

"Mwanangu," akamwambia nesi, "mimi sikusoma. Lakini huyu halali."

Hakungoja jibu. Akapiga magoti kwenye sakafu ile, akanivua viatu, akalegeza mkanda, akafungua vifungo vya suruali mbele za watu bila kuona haya. Miezi tuliyokaa Moshi wodini alikuwa pembeni yangu akifuma vitambaa, nikidhani hasikilizi wanachonifundisha. Kumbe. Akaushika mfuko wa mkojo uliofungwa kigimbini, akauinua kwenye taa. Mtupu. Na matangani nilikunywa chai kama sina akili nzuri. Akaufuata mpira unaotoa mkojo kibofuni kwa vidole, taratibu, kutoka kwenye mfuko, gotini, pajani, akitafuta ulipojikunja. Haukujikunja popote. "Umeziba," akasema, na ndiyo mara ya kwanza usiku ule sauti yake ilitetemeka.

Nesi, nimpe haki yake, alielewa pale pale. Alirudi mbio na jeli ya ganzi na mpira mpya. Ule wa zamani ulitoka na chenga za chokaa nchani. Mkojo ukaja. Presha ikaanza kuteremka, 160, 130, na kichwa kikanyamaza kama redio iliyozimwa. Mama akautazama mfuko unavyojaa, akasema, "Alhamdulillahi." Sijapata kusikia mtu akimshukuru Mungu kwa mkojo kwa moyo ule.

Huwa nasimulia kisa hiki kana kwamba kinathibitisha kitu. Sina hakika ni kitu gani. Ujuzi nilikuwa nao mimi, kifaa cha kupimia walikuwa nacho wao, lakini wa kusikilizwa alikuwa mama, kwa sababu ya umri wake na magoti yake sakafuni. Asiye na mama wa namna hiyo afanyeje, sijui. Na wangu anazeeka.

Kabla hatujaondoka nesi aliniomba nimwandikie. Nikaandika ukurasa mzima: mkalishe, legeza nguo, angalia mpira, angalia choo, presha yetu ya kawaida ni ndogo kuliko ya wengine. Akaibandika ukutani.

Nilipokwenda tena kubadilisha mpira, yeye alikuwa keshahamishiwa wilaya nyingine. Karatasi ilikuwapo, juu yake imebandikwa ratiba ya zamu. Nesi mgeni akanipima: 95 kwa 60, presha yangu ya siku zote. Akakunja uso, akapima tena, akasema imeshuka mno, nipande kitandani nilale anitundikie dripu.