Cherehani ya Adrienne

Raymond Isidore alikuwa mfagiaji wa makaburi katika mji wa Chartres, Ufaransa. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaifunika kwa vigae vya sahani na vikombe vilivyovunjika, bado ipo, na watu wanaiita Maison Picassiette. Nilimpeleka mama kuiona kiangazi kimoja alipokuja kunitembelea Paris. Mnara wa Eiffel alikwishauona, na madukani hakutaka tena kwenda. Treni kutoka kituo cha Montparnasse ilichukua kama saa moja, na njia nzima mama aliyatazama yale mashamba makubwa ya ngano akiuliza wakulima wako wapi.

Wageni wengi huishia kwenye kanisa kuu la Chartres, kwa ajili ya vioo vyake vya rangi vya karne nyingi. Sisi tulilipita, tukavuka mto Eure na kupandisha hadi Rue du Repos, mtaa wa nyumba za kawaida karibu na makaburi. Ukiwa barabarani hakuna kinachokuambia kilichomo ndani.

Isidore alizaliwa mwaka 1900. Kiwanja alikinunua mwishoni mwa miaka ya 1920, akajenga kijumba cha vyumba vichache kwa ajili yake na mkewe, Adrienne, mjane mwenye watoto watatu aliyemzidi umri. Siku moja, akitembea mashambani, aliona vipande vya vyombo na vioo vinang'aa ardhini. Akaviokota kwa kuwa rangi zake zilimpendeza, basi. Akavirundika kwenye bustani, na wazo la kuvibandika ukutani lilimjia baadaye. Karibu na mwaka 1938 alianza, tena alianzia ndani: kuta, halafu meza, viti, jiko na bomba lake, mpaka mbao za kitanda.

Nilisogeza uso karibu na ukuta. Kitako cha kikombe kimekaa katikati, na kukizunguka kuna vipande vya sahani nyeupe yenye mstari wa bluu ukingoni, vimepangwa vikawa ua. Pembeni yake kigae kina nusu ya waridi lililochorwa kiwandani, na nusu nyingine Isidore ameimalizia kwa kigae cha sahani tofauti kabisa, chenye wekundu unaokaribiana na ule wa kwanza. Hebu fikiria mtu amekaa na ndoo ya takataka akichambua kipande kwa kipande, akitafuta wekundu ule.

Nilipogeuka kumwonyesha mama, hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama mbele ya cherehani.

Mama alikuwa fundi nguo. Alitulea kwa sare za shule na magauni ya harusi aliyoshona barazani kwetu Magomeni, na kwetu hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuweka kikombe juu ya cherehani yake. Hii iliyokuwa mbele yake ilikuwa imefunikwa kwa vigae kama ukuta.

"Hii ya nani?"

"Ya mke wake, mama. Adrienne."

Akainama kuitazama, mikono nyuma, kwa kuwa hairuhusiwi kugusa. Aliichunguza kama alivyozoea kuchunguza cherehani ya mteja iliyoletwa ina hitilafu. Kisha akatazama jiko, akatazama kitanda, akatazama sakafu.

"Saruji mbichi humu humu ndani," akasema. "Na vumbi lake. Na vigae vinavyokata miguu. Huyu mama amefagia, mwanangu. Amefagia sana."

Hakuwa analaumu. Nilimfahamu mama akilaumu, na sauti yake haikuwa ile. Alikuwa anampa mwenzake heshima yake. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba Isidore alitumia saa 29,000 kwenye kazi ile. Nilikuwa nimeisoma kabla ya safari na nimepanga kumwambia mama ili ashangae. Nikanyamaza. Saa za Adrienne, za kupika pembeni ya ndoo za saruji na kulala kwenye kitanda ambacho mumewe hajakimaliza, hazimo kwenye hesabu hiyo, na mimi naamini nyumba ile ni kazi ya watu wawili.

Nje ni ulimwengu mwingine. Kuna ua uliotawaliwa na rangi nyeusi, kuna ukuta wa Yerusalemu, kuna kiti cha enzi cha mfagiaji. Kuna pia kanisa dogo lenye bluu nyingi kiasi kwamba ukitoka macho yanahitaji muda. Ndani ya kanisa lile mama aliniambia, "Kunduchi." Sikuhitaji maelezo. Kwao ni huko, pwani ya Dar es Salaam, na kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi kuna nguzo zilizopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya duara. Tofauti ni kwamba bakuli zile zilikuja nzima, kwa jahazi, kwa ajili ya watu wenye uwezo. Isidore alichukua kilichotupwa na kila mtu, na kwa muda mrefu majirani walimwona mwendawazimu. Baadaye walianza kumletea wenyewe vyombo vyao vilivyovunjika. Alifariki mwaka 1964. Manispaa ya Chartres iliinunua nyumba mwaka 1981, na miaka miwili baadaye ikaorodheshwa kuwa urithi wa taifa.

Kanisa kuu hatukuingia. Mama alikuwa amechoka miguu, na alisema kwa siku ile macho yake yameshiba.

Kwenye treni alimpigia simu mama mdogo, Dar es Salaam, na kumsimulia kwa sauti ambayo behewa zima liliisikia. Hakuanza na kanisa la bluu wala kiti cha enzi. Alianza na cherehani, akaieleza kuanzia pedali hadi juu, kisha akatulia kumsikiliza mdogo wake.

"Mama yako mdogo anauliza mkewe alikuwa anashona nini," akaniambia, simu ikiwa bado sikioni, na bila kunisubiri akajibu mwenyewe: "Mapazia, mdogo wangu. Nyumba ile kila chumba kingetaka mapazia meupe, matupu, yasiyo na ua hata moja."